Mwalimu Aliyeishuhudia Estonia

Sitasema alizaliwa wapi, wala baba yake nani, wala kabila lake lilitoka bonde gani. Wanaoandika habari za wazee huanza huko, na mimi naanza penginepo makusudi. Mtu huyu alidai nasaba za watu maisha yake yote, na yake ninayo, nimeikalia. Nitamwita Mwalimu tu, kama tulivyomwita sote pale Ibra, mji wa Waarabu, na kama ninavyomwita mpaka leo nikiwa peke yangu ndani ya gari, nikigombana naye.

Alifundisha historia na jiografia katika skuli ya wavulana. Somo alilifundisha kwa Kiarabu, lakini hasira zake zilikuwa za Kiswahili, Kiswahili cha mjini Unguja cha zamani, na sisi wachache tuliokifahamu ndio tuliozipata zote. Chaki yake haikukosa shabaha. Akisikia kijana anasema "kitabu yangu" alisimamisha somo la mito ya Ulaya, akamkazia macho mpaka maskini ajirekebishe mwenyewe. Alikuwa mrefu, mkavu, na dishdasha yake, kanzu ya huku, haikuwa na kunyanzi hata saa sita ya mchana, mwezi wa sita, umeme umekatika.

Ramani ya darasani kwetu ilikuwa kuukuu, Urusi yote imepakwa rangi moja ya waridi. Mwaka wa tisini na moja, wiki ya kwanza ya masomo, Mwalimu alipanda juu ya kiti na kalamu nyekundu akachora kinchi kidogo kando ya Bahari ya Baltiki, akakizungushia mpaka mara mbili, na ndani yake akaandika Estonia kwa herufi za Kiarabu. Mudiri wa skuli, Mmisri mpole, akaja kuuliza kwa nini ameharibu mali ya wizara.

"Mimi sikuharibu kitu," Mwalimu akamjibu. "Walioichapisha ndio walioharibu. Nchi hii ilikuwepo."

Tangu siku hiyo wavulana wakampa jina, Ustadhi Estonia. Alijua, na wala hakuchukia.

Aliipata wapi Estonia mtu wa Ibra? Aliipata ujanani. Alikuwa mwanafunzi Leningrad, enzi hizo vijana wa Unguja wakipelekwa kusoma kila upande wa dunia, na akiwa huko bwenini serikali iliyompa pasipoti ikapinduliwa, mwezi mmoja tu baada ya uhuru. Wenzake walimpa habari asubuhi, wanakunywa chai. Likizo ilipofika hakuwa na pa kwenda. Kijana mmoja wa darasani mwake, Mwestonia, akamchukua kwao Tallinn kwa treni. Mama wa kijana yule aliposikia yaliyomfika mgeni wake, alikwenda kwenye kabati, akavuta mtoto wa meza, akatoa kitambaa cha rangi tatu, buluu, nyeusi na nyeupe, na chini yake pasipoti ya marehemu mumewe, ya dola iliyokwisha kufutwa. Kwa kitambaa kile tu mtu angefungwa.

"Akanambia, weka karatasi zako," Mwalimu alikuwa akitusimulia. "Bibi asiyenijua, mwanangu. Hajui baba yangu, hajui mama yangu. Akanitolea roho yake mezani. Wallahi nalilia mbele ya mwanamke wa watu."

Alisimulia hivyo kila mwaka, kwa kila darasa, na kila mwaka alitamka "asiyenijua" kwa sauti ile ile ya kukatika. Nilikuwa nikiipenda sana sehemu hiyo. Sasa nikiikumbuka meno yananisagana.

Hadithi yenyewe kwa kinywa chake ilikwenda hivi. Walikuwa watu wachache, lugha yao haifanani na ya Mrusi wala ya Mjarumani, wametawaliwa karne kwa karne. Vita vikuu vya kwanza vikawaangusha wakubwa wawili kwa pamoja, na katika upenyo ule mdogo wao wakasimama, wakatangaza dola, wakapigana mpaka Mrusi mwenyewe akatia saini kuwa nchi ni yao. Wakakaa nayo miaka ishirini na kidogo. Kisha wakubwa wale wale wakagawana kwa siri nchi za watu, askari wa Kirusi wakaingia, ukaitishwa uchaguzi wenye orodha moja, na bunge la orodha hiyo likaomba nchi imezwe.

"Likaomba!" Mwalimu hapo hupiga meza. "Mwizi kakuingilia nyumbani, kisha kakuletea karatasi utie saini kwamba ulimkaribisha!"

Watu wakapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo, wake na watoto, wakapelekwa Siberia. Mjarumani akaja, akaondoka, Mrusi akarudi, na karibu miaka hamsini ikapita. Mwalimu hakuwa na haja ya kitabu. Alituonyesha kwa mkono, juu ya dawati, jinsi mama yule alivyokunja kitambaa.

Lakini kilichokuwa kikimtoa machozi hakikuwa bendera, wala zile nyimbo walizosimama kuziimba uwanjani maelfu kwa maelfu. Zilikuwa orodha. Kabla ya kupata chochote, mtawala bado yumo ofisini mwake, watu wale walizunguka nyumba kwa nyumba wakiandikisha majina: nani alikuwa raia wa dola ile ya zamani, na nani ni mtoto wake, na nani mjukuu wake. Hawakuiomba ruhusa serikali. Waliandikana wenyewe kwa wenyewe, mezani, jikoni. Na uhuru uliporudi walisema hatukuunda nchi mpya, tumeirudisha ile ile, na raia wake ni hawa.

"Waliandikana wenyewe," Mwalimu alisema, akafuta miwani. "Jirani kamwandika jirani. Dola ndiyo hiyo, watoto. Si majeshi."

Nami nilikuwa kijana wa miaka kumi na minne, nimekaa mstari wa mbele, namwamini kila neno.

Hatukuwa watu wa Ibra wa siku nyingi. Sisi tulitoka bara, Ujiji, mama na watoto watatu, baba akiwa ameshafariki na kuzikwa huko huko. Upande wa baba haukutupa taabu. Ami yetu wa Nizwa alitusimamia, tukapata karatasi zetu za uraia watoto wote katika miezi michache. Aliyebaki ni mama. Baba yake mama alikuwa mtu wa Ibra hasa, alihama kijana akenda Unguja, kisha Ujiji, akaoa mwanamke wa Kimanyema, akamzaa mama, akafa. Mama alikuwa na jina la baba yake, umbo la baba yake na tasbihi ya baba yake. Karatasi hakuwa nayo hata moja.

Mwalimu alimjua babu yetu. Hili halikuwa siri. Babu kila akienda Unguja kununua bidhaa alikuwa akifikia nyumbani kwa kina Mwalimu, na Mwalimu, mtoto wakati huo, ndiye aliyekuwa akimpelekea maji ya kutawadha. Kwa hiyo siku ya kwanza alipokuja kututazama, mama alimpokea kama ndugu aliyepotea. "Shikamoo, kaka," akamwambia, maana baba zao walikula sinia moja.

Siku ile mama alifanya kosa ambalo mtu wa bara tu angelifanya. Alimimina kahawa mwenyewe, na kwetu Ujiji kikombe cha mgeni hujazwa, kikiwa pungufu ni uchoyo. Akamjazia Mwalimu finjani mpaka ukingoni. Mwalimu akaitazama, akacheka mpaka akakohoa.

"Dada, unanifukuza?"

Mama akashtuka, akaliweka chini dele, lile birika la kahawa. Mwalimu akamweleza kwamba huku finjani hutiwa kidogo tu, kiasi cha mafunda mawili, kahawa ikaongezwa na kuongezwa, mpaka mgeni mwenyewe atikise kikombe kuonyesha ametosheka. Ukimjazia mtu umemwambia anywe hiyo moja aende zake asirudi. Mama aliomba radhi mara tatu. Na Mwalimu kwa wema wake akainywa yote, ya moto vile vile, akasema, "Khalas, nimeshafukuzwa, na kesho nitarudi."

Akarudi kweli. Hapo ndipo ninapokwama kila nikitaka kumchukia moja kwa moja. Kiarabu changu kilikuwa cha kuokoteza, nisingepita hata mtihani mmoja. Mwalimu alinikalisha barazani kwake kila alasiri kwa mwaka mzima, hakutaka kitu, akanisomesha mpaka nikaanza kuota kwa Kiarabu. Kazi niliyonayo leo Sur kwenye mtambo wa gesi, na hata uwezo wa kuandika haya, msingi wake ni barazani pale. Mama alikuwa akishona kofia akiziuza soko la wanawake la Jumatano, na kofia nzuri kuliko zote, yenye tundu ndogo ndogo zilizomchukua miezi miwili, alimpa Mwalimu. Hakuivua tena.

Alikuwa na vioja vyake. Uhuru wa Estonia uliporudi askari wa Kirusi hawakuondoka siku ile, walikaa miaka mitatu mingine. Siku aliposikia redioni kwamba wa mwisho wao ameondoka, Mwalimu alichinja mbuzi. Majirani wakaalikwa, wakala, na katikati ya kula imamu akauliza kwa adabu karamu hii ni ya nini, ili amwombee dua anayestahili. Kuna waliodhani ni akika, kuna waliodhani mwanawe amechumbia.

"Ni ya Waestonia," Mwalimu akasema.

Imamu akafikiri kidogo. "Ni Waislamu?"

"La. Ni watu waliodhulumiwa kisha wakarudishiwa."

Imamu akawaombea dua wote waliodhulumiwa, na kila mtu akaitikia amina, mama akiwa jikoni akaitikia kwa sauti kuliko wote.

Baada ya mbuzi yule alipata barua kutoka Tallinn, kwa yule mwenzake wa chuo. Stempu yake ilikuwa na jina la nchi, akaibandika ubaoni wiki nzima. Barua akatutafsiria nusu tu. Nusu ya pili alinieleza mimi peke yangu, barazani, na alinieleza kwa majivuno. Mwenzake alikuwa ameoa mwanamke aliyezaliwa Tallinn, lakini wazazi wake mwanamke walitoka Urusi baada ya vita. Hakuwamo katika orodha. Sasa alikuwa na pasipoti ya kijivu, ya mtu asiye na uraia wa nchi yoyote, na kama anataka uraia aombe, afanye mtihani wa lugha, asubiri. Mwenzake alikuwa akilalamika, anamwuliza Mwalimu, wewe uliyepotelewa na nchi, unaonaje?

"Nikamjibu sheria ni sheria," Mwalimu akasema. "Aliyekuwemo, yumo. Aliyekuja nyuma, na aombe. Bila hivyo wangerudishiwa nini? Hajaniandikia tena."

"Lakini ni mke wake," nikasema.

"Ndiyo. Na mimi ni rafiki yake. Dola haijengwi kwa huruma, mwanangu."

Nilitikisa kichwa kukubali. Nilikuwa mjinga, na nilikuwa nimeshapata karatasi zangu.

Haukupita muda mrefu ikaja zamu yetu. Ili mama aandikwe, sheikh wa kabila alitaka mashahidi wawili wazee waliomjua babu, waseme mbele yake kwamba huyu ni binti wa yule. Mmoja tulimpata Jalan Bani Bu Hassan, mzee wa miaka themanini na kitu, kipofu wa jicho moja, aliyeishi Ujiji na aliyekula harusi ya babu. Nikamfuata kwa gari ya kukodi. Wa pili alikuwa Mwalimu, na wala hatukumwomba kwa kumbembeleza. Mama alimwambia tu siku na saa.

Mama alibaki garini nje ya sabla, lile baraza la wanaume la sheikh, amevaa shela mpya, tasbihi ya baba yake mkononi. Mimi nikaingia na wazee. Mzee wa Jalan akasema yake kwa sauti kubwa, kwa majina na mahali, mpaka aina ya nyama iliyoliwa harusini. Sheikh akamgeukia Mwalimu. Alikuwa amefunga kilemba cha sikukuu, na chini ya kilemba nikauona ukingo wa kofia ya mama.

"Unamjua baba yake?" sheikh akauliza.

"Namjua. Mtu wa hapa, mtu mwema, Mungu amrehemu."

"Na huyu ni bintiye?"

Mwalimu akakigusa kilemba chake. Nilidhani anatafuta maneno mazuri.

"Baba yake namjua," akasema. "Huyu simjui. Hakuwahi kututajia mtoto."

Sheikh akainua mikono. Mmoja hatoshi. Mzee wa Jalan akaanza kufoka, "Haya ni maneno gani, ewe fulani, haya ni maneno gani?" na watu wakamtuliza kwa sababu ya umri wake. Mimi nikatoka nje. Mama akateremsha kioo.

"Wameandika?"

Mwalimu akatoka nyuma yangu, akapita mbele ya gari bila ya kutazama kioo, akasema kama anayesema na njia, "Sheria ni sheria."

Mzee wa Jalan alikufa mwaka uliofuata. Shahidi mwingine hakuna duniani.

Sasa nieleze ilikuwaje, maana wapo wanaosema ni karatasi tu. Nilipoanza kazi, mimi ndiye niliyekuwa kafili wa mama yangu. Kila miaka miwili nilijaza fomu kumdhamini mwanamke aliyenizaa, kwamba hatatoroka na hatavunja sheria. Uwanja wa ndege yeye alisimama mstari wa wageni na sisi wanawe tukamsubiri upande wa pili. Nyumba tuliyojenga kwa kofia zake haikuweza kuandikwa kwa jina lake. Na yeye wala hakuwa akiyalilia haya. Alikuwa na neno moja tu, "Pasipoti siitaki, nende wapi? Nataka jina la baba yangu liandikwe kuwa ni baba yangu." Miaka kumi na moja alisema hivyo.

Na hakumnunia Mwalimu. Hilo liliniudhi kuliko yote. Ramadhani alimpelekea vitumbua. Kofia yake ilipochakaa alimshonea nyingine. Nikimfokea alisema, "Yule ni kaka yangu, baba zetu walikula pamoja," nami nikimwambia kaka gani huyo, akainamia sindano yake.

Mimi sikuingia tena barazani kwake. Nilikuwa nikisikia bado anachora Estonia yake kwenye kila ramani mpya, ingawa ramani mpya zilishakuwa nayo. Nikisikia wavulana bado wanasimuliwa yule bibi wa Tallinn. Bibi asiyemjua alimfungulia mtoto wa meza. Yeye kwa binti wa mtu ambaye yeye mwenyewe alimpelekea maji ya kutawadha hakuweza kufungua mdomo.

Mama alifariki mwezi wa pili, kwa moyo, baada ya sala ya adhuhuri. Katika cheti cha kifo, penye uraia, wameandika mgeni. Tulimzika Ibra, kwenye kaburi lisilo na jina kama makaburi yote ya huku, na nakiri hapo tu nilipata nafuu, kwa sababu chini ya mawe yale hakuna anayeulizwa karatasi.

Siku ya pili ya tanzia, sabla imejaa watu, mimi nimesimama na dele nawamiminia wageni, Mwalimu akaingia. Nilikuwa sijamwona kwa karibu kwa miaka mingi. Alikuwa amepinda, anatembelea fimbo, na kichwani kofia ya pili, ile ambayo mama aliishona macho yake yakiwa yameshapungua, tundu zake hazikulingana. Watu wakampisha akakaa mahali pa heshima. Akasoma Fatiha. Kisha badala ya kunyamaza kama wanavyonyamaza wazee, akainua sauti ile ya darasani, kwa Kiarabu, kila mtu asikie.

"Nashuhudia kwamba marehemu ni binti wa baba yake, mtu wa hapa hapa Ibra. Naliwajua wote wawili. Siku ya kwanza nalipomwona mlangoni nalimwona baba yake amesimama."

Watu wakasema Mungu amrehemu. Ami yangu wa Nizwa akalia. Mmoja akasema, ushahidi huu ni mkubwa. Mimi dele likanielemea mkononi.

Nikenda kuinama mbele yake, kwa sababu ilikuwa zamu yake ya kahawa. Akanishika kifundo cha mkono, akasema kwa Kiswahili, chini kwa chini.

"Naliogopa, mwanangu. Siku zile walikuwa wakitutazama sote tuliotoka Afrika. Naliogopa wasije wakanigeukia, wakanambia, na wewe mama yako nani?"

"Siku ya kwanza ulimjua," nikasema.

"Nalimjua."

"Na alikuwa nje garini."

"Nalimwona, mwanangu. Nisamehe."

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, machozi yale yale ya orodha na ya majina ya mezani. Alikuwa akingoja. Mama yangu angemsamehe kabla hajamaliza kusema, na nadhani ndiyo sababu hakwenda kumwambia yeye.

Nikachukua finjani, nikamimina. Nikapita mafunda mawili, nikapita nusu, nikaendelea polepole mpaka kahawa ikasimama ukingoni. Ami yangu akaniita jina langu mara moja, kwa mshtuko. Nikamkabidhi kwa mkono wa kulia, kwa adabu zote alizonifundisha.

Mwalimu akakitazama kile kikombe. Alipokiinua, kahawa ikammwagikia vidoleni, hakufuta. Akainywa yote, ya moto vile vile, akakitikisa kikombe tupu, akanirudishia. Kisha akatafuta fimbo yake, akasimama mwenyewe, akaenda zake.